UZI: Msimu wa 1912 wa Carlisle, vijana wa shule ya bweni walioifunga timu ya jeshi la Marekani 27-6

Mzee wa Magazeti (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Habari hii nimekaa nayo miezi kadhaa, naisoma usiku watoto wakishalala. Nimeona niilete hapa jukwaani kwa sababu kila ninapoikuta, inasimuliwa kama habari ya mtu mmoja, Jim Thorpe. Thorpe alikuwa mchezaji wa ajabu, kwa hilo sina ubishi na nitamfikia. Lakini msimu ule ulikuwa wa kikosi kizima, na ndani yake alikuwemo kijana anaitwa Gus Welch ambaye nataka kila atakayesoma hapa aondoke na jina lake kichwani.

Mpira ninaouzungumzia ni ule wa Kimarekani, unaobebwa mkononi, watu kumi na mmoja kila upande. Ukitaka kuuelewa msimu wa 1912 lazima uelewe kwanza mchezo ulikuwa umetoka wapi. Mwaka 1905 vijana wa vyuo na wa sekondari walikuwa wanakufa uwanjani. Gazeti la Chicago Tribune lilihesabu vifo 18 mwaka ule peke yake, wengi wakiwa vijana wa sekondari. Mchezo ulikuwa kusukumana tu: watu wanashikana kama ukuta, wanamkokota mwenye mpira, na anayeanguka anakanyagwa. Rais Theodore Roosevelt aliwaita Ikulu wakuu wa mpira wa Harvard, Yale na Princeton wajadili namna ya kuunusuru. Kutokana na mjadala huo, mwaka 1906 ikaruhusiwa pasi ya mbele, yaani kuurusha mpira hewani kuelekea upande wa adui, jambo ambalo kabla ya hapo lilikuwa kosa.

Halafu 1912 sheria zikarekebishwa tena, na mchezo ukapata sura unayoijua leo. Tachidauni (kuufikisha mpira nyuma ya mstari wa mwisho wa mpinzani) ikapanda kutoka pointi 5 hadi 6. Timu ikapewa majaribio manne ya kusogea yadi 10 badala ya matatu. Uwanja ukapunguzwa kutoka yadi 110 hadi 100, na nyuma ya kila mstari ikaongezwa sehemu ya yadi 10 ya kupokelea pasi. Pasi ilikuwa na kikomo cha yadi 20, kikomo nacho kikaondolewa.

Kwa timu yenye watu wazito wa kusukuma, mabadiliko hayo hayakuwa na faida kubwa. Kwa timu ya watu wepesi, wenye mbio na mbinu, lango lilifunguka. Na timu nyepesi yenye mbinu kuliko zote Marekani nzima haikuwa ya chuo kikuu. Ilikuwa ya shule ya bweni ya watoto wa wenyeji asilia, mji wa Carlisle, jimbo la Pennsylvania.

Naendelea, nipeni dakika.

Binti Mkwakwani

Nimeketi. Ila mkuu, kabla hujaenda mbali: hao "wenyeji asilia" ndio wale vitabu vyetu vya shule vilikuwa vinawaita Wahindi Wekundu?

Mzee wa Magazeti

Ndio hao, dada. Mimi jina lile nimeliacha kwa sababu mbili. Kwanza linatokana na kosa la Columbus aliyedhani amefika India. Pili, kwetu huku Mhindi ni jirani yako wa dukani, msomaji anachanganyikiwa. Pale ninapoweza nitataja kabila, maana walikuwa na makabila yao kama sisi: Lakota, Ojibwe, Hopi, Sac na Fox, na mengine mengi. Carlisle iliwakusanya wote chini ya bendera moja bila kuwauliza.

Shule ilifunguliwa 1879 na ofisa wa jeshi, Richard Henry Pratt, katika kambi ya zamani ya askari. Watoto wa kwanza walifika Oktoba mwaka huo wakitoka Rosebud na Pine Ridge, nchi ya Walakota. Walikatwa nywele, na kwa Mlakota nywele hukatwa kwenye msiba, kwa hiyo usiku ule watoto walilia. Nguo zao zilichukuliwa, lugha zao zikapigwa marufuku. Luther Standing Bear, mmoja wa watoto wale wa kwanza, alikuja kusimulia ukubwani jinsi alivyopewa fimbo achague jina ubaoni wakati hajui hata kusoma. Akagusa neno, likawa jina lake maisha yake yote. Pratt hakuificha shabaha yake: mwaka 1892 alisema hadharani kwamba Mhindi aliye ndani ya mtoto auawe ili mtu aokolewe.

Nusu siku darasani, nusu siku kazi za mikono. Likizo, wengi hawakurudi kwao. Walipelekwa kwenye familia za wazungu kufanya kazi za shamba na za ndani.

Chuma cha Pua

Mkuu hapo umenigusa. Mimi nimesoma bweni, mkoa sitautaja na shule sitaitaja. Ukikamatwa unaongea lugha ya nyumbani unavishwa kibao shingoni, unatembea nacho mpaka umkamate mwingine umpokeze. Nilikuwa na miaka tisa. Nilijifunza kunyamaza kabla ya kujifunza Kiingereza. Kwa hiyo ukiniambia mtoto alilia usiku kwa nywele, sihitaji maelezo.

Endelea mkuu, nakufuata.

Mzee wa Magazeti

Pole sana ndugu yangu, na asante kwa kulisema.

Mpira uliingiaje kwenye shule kama hiyo? Mwaka 1890 mwanafunzi mmoja alivunjika mguu wakicheza na chuo cha Dickinson kilichopo mji huohuo. Pratt akapiga marufuku mechi za nje. Mwaka 1893 vijana wapatao arobaini wakaenda ofisini kwake kumwomba awaruhusu. Akakubali kwa masharti mawili. La kwanza, wasimpige mtu ngumi hata wakipigwa, maana watazamaji wangesema "hao hawajaacha ushenzi". La pili, baada ya miaka michache wawe wanazifunga timu kubwa kuliko zote nchini.

Litazameni sharti la kwanza. Mchezo wenyewe ulikuwa wa vurugu kiasi cha watu kufa, na vijana hawa waliingia wakiwa wamefungwa mikono. Ndiyo maana wakakimbilia akili. Mwaka 1899 alikuja kocha Glenn Warner, jina la utani Pop. Mwaka 1903 walicheza na Harvard. Mpira ulipoanzishwa kipindi cha pili, wakajikusanya, wakauchomeka ndani ya fulana ya mwenzao Charlie Dillon, mgongoni, kisha wakatawanyika kila mmoja akijifanya ndiye aliyeubeba. Harvard wakakimbizana na kila mtu isipokuwa Dillon, aliyepita katikati yao mikono mitupu mpaka mstari wa mwisho. Harvard walishinda 12-11 siku ile, lakini mechi inakumbukwa kwa mbio za Dillon.

Mwaka 1907, pasi ya mbele ikiwa na umri wa mwaka mmoja tu na vyuo vikubwa bado vinaiogopa, Carlisle walikuwa wanairusha mbali, mpira ukizunguka kama risasi. Waliifunga timu ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania 26-6, wakaifunga na Harvard 23-15. Waliotia pasi kwenye mpira wa Kimarekani ikawa silaha ya kweli ni hao. Watu husema alikuwa mchezaji Knute Rockne na chuo chake cha Notre Dame, 1913. Hiyo ni miaka sita baadaye.

Mwalimu Kisarawe

Samahani mkuu, nina swali la mpenzi wa soka. Timu ya shule ya bweni ilipataje nafasi ya kucheza na Harvard? Ni kama sekondari ya kata kupangiwa mechi na Simba.

Mzee wa Magazeti

Swali zuri mwalimu, na jibu lake ni fedha. Hapakuwa na ligi. Kila timu ilijipangia ratiba yake. Carlisle walikuwa wanajaza viwanja, kwa hiyo vyuo vikubwa viliwataka kwa ajili ya mapato ya mlangoni, na Carlisle nao wakachukua fungu lao. Ndiyo maana karibu msimu wote walikuwa kwenye treni. Nyumbani walicheza mechi chache sana za mwanzo, kisha ni safari. Fedha hizo zilijenga majengo pale shuleni. Wachezaji wenyewe hawakuwa na sauti juu yake. Lishikeni hilo, nitalirudia mwishoni kwa sababu ndipo Gus Welch anapoingia.

Kuhusu kiwango, si sekondari ya kata. Wengine walikuwa watu wazima wa miaka ishirini na zaidi, ingawa masomo waliyopewa hayakuwa ya chuo.

Sasa 1912. Mwaka uliotangulia walikuwa wameifunga Harvard 18-15. Thorpe alicheza mguu umefungwa bandeji, akapiga mateke manne kati ya milingoti, kila moja pointi 3. Wiki iliyofuata wakalala kwa Syracuse 12-11, kipigo chao pekee cha 1911. Kiangazi cha 1912 Thorpe akaenda Olimpiki ya Stockholm, akarudi na dhahabu mbili, pentathloni na dekathloni. Septemba akarudi bwenini, avae jezi pamoja na wenzake.

Kikosi hicho: Gus Welch, Mojibwe kutoka Wisconsin, alikuwa kwotabeki, yaani yeye ndiye aliyeamua kila jaribio lichezwe vipi. Enzi zile kocha hakuruhusiwa kutuma maelekezo kutoka nje, kila kitu kilikuwa kichwani mwa kijana huyu. Alex Arcasa na Thorpe walikuwa mahafubeki, yaani wachezaji wa nyuma wanaokimbia na mpira. Possum Powell alikuwa mtu wa kupenya katikati. Mbele alikuwepo Joe Guyon, Mojibwe wa White Earth, Minnesota, na Pete Calac kutoka California. Hapakuwa na kikosi cha kushambulia na kingine cha kulinda kama leo. Walewale walishambulia na walewale walilinda.

Walianza Septemba 21 kwa kuifunga Albright 50-7. Lebanon Valley 45-0. Dickinson 34-0. Villanova 65-0. Hizo zilikuwa za kupasha moto misuli. Oktoba 5 wakakwama 0-0 kwa Washington & Jefferson. Wiki iliyofuata wakaenda Syracuse, waliowaharibia mwaka uliopita, wakawalipa 33-0. Pittsburgh 45-8. Georgetown 34-20. Siku mbili baada ya Georgetown, siku mbili tu, walikuwa Kanada wakicheza na Toronto, sehemu ya mechi kwa sheria za raga ya huko, na wakashinda. Jumamosi ya wiki ileile Lehigh, 34-14.

Kisha treni ikaelekea mto Hudson, West Point, chuo cha maofisa wa jeshi la Marekani.

Mkimbiaji wa Eldoret

Mzee, kwanza hongera kwa kazi hii. Niongeze kidogo kuhusu Stockholm kwa sababu riadha ndiyo ninayoijua. Thorpe hakwenda peke yake kutoka Carlisle. Alikuwepo Lewis Tewanima, Mhopi wa Arizona, akachukua fedha mita 10,000 nyuma ya Hannes Kolehmainen wa Finland. Tewanima alifikishwa Carlisle 1907 kama mfungwa, wakati serikali ilipogombana na wazee wa Hopi waliokataa watoto wao wapelekwe shule. Yaani mfungwa akaipa nchi iliyomfunga medali.

Hakuna Mmarekani aliyefika tena jukwaa la mita 10,000 mpaka Tokyo 1964, aliposhinda Billy Mills, Mlakota wa Pine Ridge. Tokyo ileile Wilson Kiprugut aliipa Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 800. Kila nikitazama picha za michezo ile nawaona hao wawili pamoja.

Rudi West Point mzee, tunangoja.

Mzee wa Magazeti

Kaka, hilo la miaka 52 kati ya Tewanima na Mills nilitaka kuliacha kwa kuogopa uzi kurefuka. Nafurahi umelileta.

West Point, Novemba 9, 1912.

Rudini nyuma miaka 22. Desemba 29, 1890, wanajeshi wa Marekani waliwaua Walakota zaidi ya 250 kwenye kijito cha Wounded Knee, wengi wao wanawake na watoto. Wachezaji wa Carlisle walizaliwa miaka ileile. Upande wa pili, miongoni mwa makuruta wa jeshi waliovaa jezi siku ile, alikuwepo kijana wa miaka 22 kutoka Kansas, Dwight Eisenhower. Ndiye huyohuyo aliyekuja kuongoza majeshi ya washirika Ulaya na baadaye akawa rais. Amezaliwa Oktoba 1890, miezi miwili na kitu kabla ya Wounded Knee.

Inasemekana Warner aliwaambia vijana wake kwamba baba na babu za vijana wa upande ule ndio waliopigana na baba na babu zao. Ninavyoona mimi, vijana wale hawakuhitaji kukumbushwa. Mtu aliyekatwa nywele na askari hasahau sare ya askari.

Siku hiyo walikuja na mpangilio mpya. Mahafubeki wawili walisogezwa mbele na pembeni, kila mmoja upande wake, karibu na mstari. Mlinzi akitazama hajui mpira unakwenda kulia au kushoto, utarushwa au utabebwa. Welch akawa anaita mchezo harakaharaka kabla hawajajipanga. Jeshi walikuwa wazito zaidi, wakafunga kwanza, 6-0, wakakosa pointi ya teke (teke la pointi moja linalopigwa baada ya tachidauni). Carlisle wakasawazisha, teke likaingia. Mapumziko 7-6.

Kipindi cha pili nahodha wa jeshi, Leland Devore, jitu la mwili, alichoshwa na Joe Guyon aliyemzidi ujanja siku nzima. Akamrukia kumpiga, mwamuzi akamtoa nje. Kumbukeni sharti la Pratt la 1893. Ni nahodha wa maofisa watarajiwa aliyeshindwa kujizuia, huyu kijana wa Ojibwe akabaki uwanjani.

Eisenhower na mwenzake Charles Benedict walikuwa wamepanga kumbana Thorpe, mmoja chini mmoja juu, mpaka atoke. Thorpe akasita nusu hatua, wale wawili wakagongana wao kwa wao, wakatolewa. Juma lililofuata, mechi ya Tufts, Eisenhower aliumia goti vibaya na mpira wake ukakaribia mwisho.

Nani alifunga tachidauni? Magazeti yaliandika Thorpe, Thorpe, Thorpe, na kweli alikuwa hashikiki siku ile. Lakini tachidauni tatu za kipindi cha pili zote zilifungwa na Alex Arcasa. Ulinzi wote ulikuwa unamfuata Thorpe, Welch akaliona hilo, akampa Arcasa. 27-6.

Binti Mkwakwani

Nimesoma aya ya mwisho mara tatu. Arcasa tatu halafu hata jina lake sijawahi kulisikia!

Mtoto wa Reli

Mkuu, masahihisho madogo kwa nia njema. Kuna wanaodhani 1912 ndiyo mara ya kwanza Carlisle kukutana na timu ya jeshi. Hapana. Walikutana 1905, na Wizara ya Vita ndiyo iliyotoa ruhusa kwa mechi hiyo. Carlisle walishinda 6-5. Kwa hiyo vijana wa 1912 walikwenda West Point kutetea rekodi.

Mzee wa Magazeti

Uko sahihi kabisa mkuu. Na mwaka 1905 mchezo ulikuwa ule wa zamani wa kusukumana, bila pasi, kwa hiyo 6-5 ile ina uzito wake.

Niumalizie msimu. Juma baada ya West Point walikwenda Philadelphia kwa Pennsylvania wakafungwa 34-26, kipigo chao pekee mwaka huo. Walichoka, walijisahau, wote walilinda vibaya siku ile, Thorpe akiwemo. Kisha Springfield 30-24, na pointi zote 30 za Carlisle zikafungwa na Thorpe mwenyewe. Simnyimi haki yake. Siku ya Shukrani, Novemba 28, wakaifunga Brown 32-0 na msimu ukaisha: mechi 14, ushindi 12, sare moja, kipigo kimoja, pointi 504.

Januari 1913 gazeti la Worcester, Massachusetts, likaandika kwamba Thorpe aliwahi kulipwa kucheza besiboli North Carolina mwaka 1909 na 1910. Zilikuwa senti za kiangazi, na wanafunzi wengi wa vyuo vikubwa walifanya vivyo hivyo kwa majina ya bandia. Thorpe alitumia jina lake. Akanyang'anywa medali zote mbili. Warner akasema hakujua lolote. Kocha aliyekaa na kijana miaka yote hiyo, kijana akapotea misimu miwili, asijue alikuwa wapi? Mimi siamini. Kamati ya Olimpiki ilimrudishia ushindi 1982, miaka 29 baada ya kufariki kwake, lakini kwa kushirikiana na waliokuwa wa pili. Ilipofika Julai 2022 ndipo akatambuliwa kuwa mshindi peke yake.

Sasa Gus Welch.

Msimu wa 1912 ulileta fedha nyingi na sifa nyingi, na wanafunzi waliendelea kula chakula kibaya. Welch akaanza kuuliza fedha za mlangoni zinakwenda wapi. Akaandika malalamiko, akazunguka mabwenini kukusanya saini, wanafunzi zaidi ya 200 wakatia sahihi. Fikirieni hali yao kisheria: wengi hawakuwa raia. Sheria ya kuwapa uraia wenyeji asilia wote ilipita 1924. Walikuwa chini ya uangalizi wa serikali kama watoto wadogo, na mkuu wa shule angeweza kumfukuza yeyote au kumfungia. Wakasaini.

Mapema 1914 kamati ya Bunge la Marekani ikaenda Carlisle kuwasikiliza. Welch alisimama mbele ya wabunge akatoa ushahidi dhidi ya kocha wake, aliyemfundisha kila alichokijua kuhusu mpira: matusi yake kwa wachezaji, na namna mfuko wa michezo ulivyoendeshwa. Mkuu wa shule Moses Friedman akaondolewa. Warner akahamia Pittsburgh, akaendelea kuheshimiwa, na jina lake bado limebandikwa kwenye ligi za watoto Marekani nzima.

Carlisle haikurudi kuwa ile timu. Shule ikafungwa 1918, majengo yakarudi kwa jeshi.

Msafiri wa Harrisburg

Asalaam aleikum wakuu. Mimi naishi Harrisburg, Carlisle ni kama kilomita 30 kutoka kwangu, na kwa muda mrefu nimekuwa nikipita bila kujua lolote. Kambi ile sasa ni chuo cha vita cha jeshi. Kando ya barabara yapo makaburi ya watoto, mawe meupe yamepangwa kama ya askari. Ni zaidi ya 180. Wengi walikufa kwa kifua kikuu na maradhi mengine, mbali na mama zao. Baadhi ya mawe yana majina yaliyoandikwa vibaya, mengine hayana jina.

Tangu 2017 jeshi limeanza kufukua na kuwarudisha makwao, wa kwanza wakiwa watoto wa Waarapaho wa Kaskazini. Familia zinakuja na magari kutoka mbali, wanazika upya nyumbani. Desemba 2024 Rais Biden aliitangaza Carlisle kuwa mnara wa kitaifa wa kumbukumbu. Nilikwenda siku ya Jumamosi mwezi uliofuata na binti yangu. Kwenye mawe mengi watu wameacha pipi na vichezeo, na binti yangu akaniomba turudi garini tuchukue kitu chake aache.

Uwanja wa mpira bado upo, unaitwa Indian Field hadi leo.

Chuma cha Pua

Mungu awapumzishe watoto wale.

Mwalimu Kisarawe

Mkuu, hawa wachezaji waliishia wapi? Hasa Welch.

Mzee wa Magazeti

Dada Msafiri (nisamehe kama ni kaka), asante. Hayo makaburi nilikuwa sijui nitayaandikaje, umeyaandika wewe uliyesimama pale.

Mwalimu, Thorpe aliingia kwenye mpira wa kulipwa, na 1920 alichaguliwa kuwa rais wa kwanza wa chama ambacho leo kinaitwa NFL, ligi kuu ya kulipwa ya mpira huo. Guyon alikwenda chuo cha Georgia Tech, akawa sehemu ya timu iliyotwaa ubingwa wa taifa 1917. Calac alipigana Ufaransa katika vita ya kwanza. Mwaka 1922 na 1923 watatu hao walikutana tena katika timu moja ya NFL huko Ohio, Oorang Indians, yenye wachezaji wote wenyeji asilia. Ilianzishwa na mfuga mbwa ili kuuza mbwa wake, na wakati wa mapumziko wachezaji walitakiwa kucheza ngoma mbele ya watazamaji. Hilo huwa linaniuma kuliko lile la medali.

Welch naye alikwenda vitani Ufaransa akiwa ofisa wa jeshi lilelile alilolifunga 27-6. Aliporudi akawa kocha wa chuo cha Washington State tangu 1919 hadi 1922. Alizeekea Virginia, akafariki 1970.

Msafiri, siku ukipita tena Indian Field, tupigie picha ya uwanja kutoka upande wa jukwaa, uiweke hapa. Na kama unaweza, simama pale katikati nyuma ya mstari, pale anaposimama kwotabeki.

Msafiri wa Harrisburg

Ni dada. Jumapili hii nitakwenda, inshallah.